Chandarua cha Arusha na Ahadi za Madola

Tarehe 25 Septemba 2015, katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York, madola 193 yaliridhia kwa kauli moja malengo 17 ya maendeleo endelevu, yakaahidi kuyatimiza kufikia mwaka 2030. Na lengo la mwisho katika orodha hiyo, ambalo wasomaji wengi hulipita kwa haraka kwa sababu halitaji njaa wala maradhi wala maji wala elimu, ndilo linaloyabeba yote yaliyolitangulia, kwani linakiri kwamba hakuna dola litakaloweza kuyatimiza mambo hayo peke yake, hata liwe na mali na nguvu namna gani, na kwamba imewapasa matajiri na maskini, serikali na wafanyabiashara, wataalamu na raia wa kawaida, wakae pamoja na wafanye kazi pamoja. Azma hiyo ni njema, wala sioni mtu mwenye insafu atakayeipinga. Shida yake ni kwamba katika hati za kimataifa yule aliyepokea sadaka na yule aliyeingia ubia huandikwa safu moja, ilhali hali zao ni mbalimbali kabisa: mmoja hushukuru na kungoja, na mwingine huuliza, hukataa, hujadiliana na huweka saini akijua anachokitoa na anachokipata.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kutazama kilichobaki mikononi mwa mwenyeji siku mgeni alipofunga mizigo yake akarudi kwao. Ikiwa kimebaki kibao cha chuma kando ya barabara na jengo lisilo na dawa ndani yake, basi ile ilikuwa hisani iliyopita. Na ikiwa yamebaki maarifa, kazi na mamlaka ya kuamua, hapo ndipo panapostahili kuitwa ushirikiano. Na ili tusielee katika maneno makubwa ya mikutano, napenda kulipima jambo hili kwa kitu ambacho karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki inakijua, nacho ni chandarua chenye dawa.

Malaria, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, iliwaua watu wapatao 597,000 katika mwaka 2023, na katika kila 100 waliokufa 95 walikuwa wa Afrika, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Mbu anayeyachukua maradhi haya, yaani anofelesi jike, aghalabu huuma usiku watu wakiwa wamelala, na kwa hiyo chandarua hakikuwa kitu kigeni kwa wakazi wa pwani na wa mabondeni waliokuwa na uwezo wa kukinunua. Jambo jipya lilikuwa kukitia dawa, ili mbu atuaye juu yake afe badala ya kutafuta tundu. Je, dawa hiyo huokoa roho kweli, au ni dhana ya wataalamu? Jawabu lilitafutwa katika nchi kadhaa za Afrika, na mojawapo ya majaribio makubwa kabisa lilifanyika Kilifi, katika pwani ya Kenya, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya ilikuwa ikifanya kazi pamoja na wanachuoni wa Oxford kwa fedha za wakfu wa Wellcome wa Uingereza. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 1996: katika vijiji vilivyopewa vyandarua vyenye dawa, vifo vya watoto vilipungua kwa kiasi cha theluthi moja, na malaria kali ya kumlaza mtoto hospitalini ikapungua kwa asilimia 44. Baada ya hapo hapakuwa na shaka tena juu ya dawa. Lililobaki lilikuwa namna ya kukifikisha chandarua hicho katika nyumba ya mkulima asiye na fedha, mbali na barabara ya lami.

Hapa sina budi kusimama kidogo Ifakara, katika bonde la mto Kilombero, kwa sababu historia ya mji ule mdogo inafundisha mengi kuliko maazimio mengi niliyoyasoma. Mwaka 1949 alifika huko Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi, akawakuta watawa wa Kikapuchini wa nchi yake wakiwa na misheni na hospitali. Na mwaka 1957 akafungua maabara ndogo, ambamo wanasayansi wa Kizungu walichunguza papasi, mbung'o na mbu, kisha wakarejea kwao na vielelezo vyao ili waandike walichokigundua. Ndiyo iliyokuwa desturi ya zama zile: malighafi ya elimu ilichumwa huku, na elimu yenyewe ikatengenezwa kule, kama ilivyokuwa kwa pamba na katani. Walakini Geigy alikuwa na fikra pana kuliko desturi hiyo, na mwaka 1961, nchi ikiwa katika mlango wa uhuru, kilianzishwa palepale Ifakara, kwa fedha za Basel, chuo cha kuwafunza waganga wa vijijini, ambacho baadaye kilikabidhiwa serikali ya Tanzania. Maabara nayo haikufungwa. Ilikua mwaka hadi mwaka, vijana wa Kitanzania wakasomeshwa humo hadi shahada za juu, na mwaka 1996 ikawa kituo cha utafiti cha Kitanzania chenye wadhamini wake na wakurugenzi wake wenyewe, Waswisi wakabaki kuwa washirika, si wenye nyumba. Leo inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Safari hiyo ilichukua karibu miaka 40, na mtu yeyote anayetaka kujua kwa nini miradi ya miaka mitatu mitatu, ambayo ndiyo mtindo wa siku hizi, haiachi athari, na ajiulize ni kitu gani kingalibaki Ifakara lau Basel ingaliondoka mwaka 1960.

Kituo hicho kilipopata kujiendesha, mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa ni vyandarua. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulianzishwa mradi uliouza vyandarua na dawa ya kuchovya kwa bei nafuu, chini ya jina la Zuia Mbu, na wauzaji wake walikuwa wenye maduka ya kijijini, wahudumu wa zahanati na watu wa dini, yaani wale wale ambao mwanakijiji alikuwa akiwaendea kwa haja zake nyingine. Watafiti walipohesabu, waliona kwamba uwezekano wa mtoto mwenye chandarua chenye dawa kubaki hai uliongezeka kwa asilimia 27. Mfano huo ndio uliozaa mpango wa taifa wa Hati Punguzo wa mwaka 2004, ambamo mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza kiasi kidogo cha fedha zake na kuondoka na chandarua. Fedha za hati zilitoka Mfuko wa Dunia, ule wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa Geneva mwaka 2002. Wazo lilitoka Kilombero. Naliweka jambo hili wazi kwa sababu watu wengi hudhani kwamba katika ushirikiano wa kimataifa akili hutoka kaskazini daima na mikono hutoka kusini.

Chandarua cha wakati ule, hata hivyo, kilikuwa na ila. Dawa ilitoka kila kilipofuliwa, na ilibidi kichovywe upya kila baada ya miezi sita au zaidi kidogo. Nchini Tanzania dawa hiyo iliuzwa madukani katika pakiti iliyoitwa Ngao. Wengi hawakuchovya, wala si kwa uzembe. Kazi za shamba na za nyumbani hazimwachii mama nafasi ya kukumbuka miezi ya dawa, na pakiti ilikuwa na bei yake.

Ila hiyo iliondolewa na mtaalamu wa kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani, Takaaki Ito, aliyebuni njia ya kuichanganya dawa na plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi, hata dawa ikawa imo ndani ya uzi wenyewe na kujitokeza juu yake polepole, kidogo kidogo, kadiri ile ya juu inavyofutika. Chandarua cha namna hiyo hustahimili kufuliwa kwa miaka bila ya kuchovywa. Shirika la Afya Duniani likakipasisha mwaka 2001, na mara swali likageuka: vitatengenezwa wapi hivyo vyandarua mamilioni kwa mamilioni vinavyohitajiwa?

Mjini Arusha kulikuwa na kiwanda cha A to Z, kilichoanza kwa kushona nguo katika miaka ya 1960 na baadaye kikatengeneza vyandarua vya kawaida. Sumitomo ilikubali kukipa kiwanda hicho maarifa yake ya kutengeneza uzi wenye dawa bila ya kudai malipo ya haki ya uvumbuzi. Mfuko mmoja wa Kimarekani, Acumen, ukatoa mkopo wa mitambo. Kampuni ya ExxonMobil ikatia mkono katika upande wa plastiki. Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto likawa mnunuzi. Na mwaka 2003 chandarua cha kwanza cha namna ile kutengenezwa Afrika kikatoka mitamboni Arusha. Tazama jinsi kila mmoja alivyoleta kile alicho nacho na ambacho mwenzake hana. Mjapani alikuwa na siri ya uzi, lakini hakuwa na wafanyakazi wala soko la jirani; mwenye kiwanda alikuwa na mafundi na ujuzi wa cherehani, lakini hakuwa na siri; mwenye mfuko alikuwa na fedha na subira ya kungoja faida, jambo ambalo mabenki hayakuwa nalo; na mnunuzi alikuwa na hakika ya kununua, ambayo ndiyo iliyompa kila mmoja ujasiri wa kuanza. Mkopo ule, kwa rai yangu, ulikuwa na heshima kuliko zawadi, kwa sababu mtu anayedaiwa hupanga hesabu zake na hulazimika kutengeneza kitu kinachouzika. Mwaka 2007 Sumitomo na A to Z waliingia ubia kamili, uzalishaji ukapanda hata kupita vyandarua milioni 20 kwa mwaka, na maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakapata mshahara wa kila mwezi. Rais George W. Bush alipozuru Tanzania Februari 2008 alikwenda kukitazama kiwanda hicho, na akiwa huko Arusha akatangaza kwamba nchi yake, pamoja na Benki ya Dunia na Mfuko wa Dunia, itagharimia vyandarua milioni 5.2 vya kugawiwa watoto wa Tanzania.

Ugawaji ukafuata kweli. Watoto chini ya miaka mitano walipewa kwanza, kisha kaya zote, na tangu mwaka 2013, kwanza katika mikoa ya kusini, vyandarua vikaanza kupitia kwa wanafunzi wa shule, kila mwaka, ili nyumba zisikae bila kitu kati ya kampeni moja na nyingine. Katika uchunguzi wa mwaka 2008, watoto 18 katika kila 100 waliopimwa Tanzania Bara na visiwani walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2022 walikuwa 8. Si kazi ya chandarua peke yake, kwani vipimo vya haraka na dawa mseto vilisaidia sana. Lakini wataalamu waliochunguza Afrika nzima kati ya mwaka 2000 na 2015 walikadiria kwamba katika maradhi yote ya malaria yaliyoepukwa, zaidi ya theluthi mbili yaliepukwa kwa vyandarua.

Baada ya sifa hizo ni haki tuyataje na mapungufu, maana yapo. Vyandarua vya bure vilipokuja kwa wingi, maduka ya vijijini yaliyokuwa yakiuza vyandarua yalikosa wateja, na mtandao ule uliojengwa kwa jasho la Kilombero ukadhoofika. Hati Punguzo yenyewe ilisitishwa mwaka 2014. Kuna pia malalamiko ya kila mara kwamba vyandarua hutumiwa kuvulia dagaa, na ni kweli hutumiwa, lakini ningependa wanaolalamika wamwulize kwanza mvuvi kama alipewa kitu kingine cha kumlisha mwanawe, na kama kile alichokivulia si kikuukuu kilichokwisha kutoboka. Kubwa kuliko hayo yote ni kwamba kiwanda cha Arusha hakikuwahi kuwa na mnunuzi wa uhakika isipokuwa wafadhili, na wafadhili hununua kwa zabuni ya dunia nzima, ambamo mwenye bei ya chini kwa senti chache ndiye ashindaye. Kiwanda cha Afrika hushindana humo na viwanda vya Asia vilivyo karibu na malighafi na bandari kubwa, na vyenye umeme usiokatika. Mtu mmoja akasaidia kukijenga kiwanda, na mwingine, kwa kanuni za manunuzi zilizoandikwa kwa nia njema, akakinyima kazi.

Chanjo ya malaria imenionyesha jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto zaidi ya 15,000 wa nchi saba za Afrika walishiriki katika jaribio la chanjo ya kwanza, miongoni mwao watoto wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na Kombewa, na madaktari wa Kiafrika, kama Salim Abdulla wa Ifakara, walikuwa mbele katika kuliongoza. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake Oktoba 2021, na chanjo ya pili, iliyobuniwa Oxford na kutengenezwa na Serum Institute ya India, ikafuata Oktoba 2023. Watoto wetu walitoa ushahidi, na wanachuoni wetu waliuandika. Kiwanda cha chanjo hizo bado hakiko Afrika.

Ushirikiano, hata hivyo, si lazima uwe wa kaskazini na kusini. Huko Kibaha, mkoani Pwani, Shirika la Maendeleo la Taifa lilijenga pamoja na Kuba kiwanda cha kutengeneza dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi vya mbu katika madimbwi, nacho kilizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Julai 2015. Kuba si nchi tajiri, lakini ilikuwa na elimu hiyo na ikakubali kuileta pamoja na mafundi wake. Dawa ya viluwiluwi hufaa mjini, ambako madimbwi huonekana na kuhesabika, kuliko shambani, na matumizi yake yanategemea halmashauri zitenge fedha za kuinunua, jambo ambalo hazijalifanya kwa ukamilifu uliotarajiwa.

Wakati huo mbu naye hakukaa. Dawa ya jamii ya pairetroidi, ambayo ndiyo iliyokuwa katika vyandarua vyote, ilianza kushindwa kumwua, na katika sehemu nyingi za kanda ya ziwa alikuwa akitua juu ya wavu na kuruka salama. Majaribio yaliyojibu tatizo hilo yalifanyika huko huko: kwanza Muleba, mkoani Kagera, kisha Misungwi, mkoani Mwanza, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chuo cha KCMC cha Moshi na chuo cha elimu ya tiba za nchi za joto cha London vililinganisha chandarua cha kawaida na vingine vyenye dawa ya pili ndani yake. Baada ya miaka miwili, katika vijiji vilivyotumia chandarua cha kawaida watoto wapatao 46 katika kila 100 walikutwa na malaria, na katika vile vilivyopewa chandarua chenye klorfenapiri, mojawapo ya dawa hizo za pili, walikuwa 26. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, mwandishi wake wa kwanza akiwa Mtanzania, Jacklin Mosha. Na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chandarua hicho kwa nchi zote zenye mbu sugu. Wakulima wa Misungwi waliokubali kupimwa watoto wao mara kwa mara wamewafaidi watu wa Benin na wa Nigeria ambao hawatawaona kamwe, na hili halitajwi vya kutosha katika hotuba zinazowahesabu wafadhili mmoja mmoja kwa majina.

Sasa tuje kwenye fedha, ambazo ndizo zinazotutia wasiwasi sasa na kwa miaka ijayo. Tarehe 24 Oktoba 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka madola tajiri yatoe asilimia 0.7 ya pato lao kwa ajili ya maendeleo ya nchi maskini, na katika miaka zaidi ya 50 iliyopita ni machache tu yaliyofikia kima hicho, kama Sweden, Norway, Denmark, Luxembourg na Uholanzi. Uingereza, iliyokifikia, ilishuka hadi asilimia 0.5 mwaka 2021 na ikatangaza mapema mwaka 2025 kwamba itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Marekani, iliyokuwa mtoaji mkubwa kuliko wote wa fedha za malaria, ilikomesha kazi za shirika lake la misaada tarehe 1 Julai 2025. Wiki hiyo hiyo madola yalikutana Sevilla, Hispania, bila ya Marekani, kujadili pengo linalokadiriwa kuwa dola trilioni 4 kwa mwaka katika kuyagharimia yale malengo 17.

Sisi nasi tulikuwa na ahadi yetu. Aprili 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za serikali zao kwa afya, na madola yaliyoitekeleza ahadi hiyo mwaka baada ya mwaka ni haba. Siwezi kumlaumu Mwingereza kwa asilimia yake na nikanyamazia hii, kwani anayetaka kukaa mezani kama mbia huja na mtaji, hata uwe mdogo.

Na mtaji wenyewe kwa upande wa vyandarua si wa kutisha. Chandarua kinachonunuliwa kwa jumla huwa na bei ya dola mbili au tatu hivi, hulaza watu wawili, na hufaa kwa miaka kama mitatu. Lau hazina za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zingenunua kwa pamoja, kwa fedha zao wenyewe, hata robo tu ya vyandarua vinavyohitajiwa na nchi hizo, na zikaweka mkataba wa miaka mitano badala ya zabuni ya kila msimu, mwenye kiwanda angekuwa na sababu ya kuagiza mitambo ya dawa mpya, na mwenye dawa hiyo ng'ambo angekuwa na sababu ya kuketi naye kuzungumza, kama Mjapani alivyoketi na watu wa Arusha mwanzoni mwa karne hii. Wataalamu wa kukipima chandarua hicho kipya tunao tayari, Ifakara, Moshi na Mwanza; vijiji vya kukijaribia vipo, na watu wake wameshazoea kuuliza maswali makali kabla ya kukubali. Mawaziri wa afya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukutana kila mwaka, na agizo la pamoja la vyandarua lingeweza kuwekwa katika ajenda ya mkutano wao ujao.